Acha na Achia

2 Juni

Leo nimekabidhiwa kofia ngumu ya njano na cheo: Afisa Usalama. Najua kwa nini. Mwaka jana niliandika magazetini barua juu ya barua kuhusu kiwanda hiki cha kukoboa kahawa hapa Ngara. Mkanda wa injini uko wazi, mlango wa dharura una kufuli, wanawake wa uchambuzi wanakohoa vumbi la maganda mpaka Krismasi. Meneja, Bwana Juvenali, hakujibu hata moja. Aliniita ofisini, akaninywesha chai, akaniajiri. Anadhani mtu akishavaa kofia ya kampuni mdomo hujifunga wenyewe.

Hanijui. Nilifundisha Kiswahili sekondari hadi nilipogombana na mkuu wa shule wa tatu. Nimesoma habari za migodi iliyoporomoka na viwanda vya nguo vilivyoungua huku milango imefungwa, katika nchi ambazo sitazifikia, na kila mahali nimekuta sentensi ileile baada ya mazishi: hakuna aliyetarajia. Mimi nimeajiriwa kutarajia, na nitatarajia kwa sauti.

5 Juni

Vumbi. Malori kutoka Kibimba na Kasulo yamepanga foleni mpaka barabarani.

9 Juni

Nimekaa penye winchi asubuhi nzima, maana ndiyo inayonitia hofu kuliko kitu chochote humu. Magunia ya kahawa yenye maganda hupokelewa sakafu ya chini. Mtu wa chini huyafunga kwa mnyororo. Mtu wa juu, kwenye sakafu ya pili, huendesha winchi na kuyapandisha kupitia tundu kubwa mpaka kwenye mdomo wa kinu. Wa juu hamwoni wa chini. Kati yao ipo sakafu ya mbao na ngurumo ya injini, na wanaongozana kwa masikio tu.

Wa chini ni Leonidas, Mhangaza wa Kibimba, mtu mpole mwenye mabega mapana. Wa juu ni Shibuda, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe kutoka Shinyanga. Leonidas akitaka mzigo usimame hupaza sauti kwa Kihangaza, "Reka!" Kwa Kisukuma ni leka, neno ni lilelile, limebadili herufi tu. Akitaka mzigo ushuke hapazi sauti. Hugonga bomba la chuma kwa fimbo.

Huyu Shibuda sijampenda. Anaendesha mashine ya kuua watu huku amefumba macho na kunung'unika wimbo, mguu mmoja juu ya boksi, kama yuko kibarazani kwake. Majivuno ya namna hii nimeyaona kwa madereva wengi, na nimewaandikia tanzia.

Leonidas aliniona nikiandika. "Mwarimu, shikamoo. Mbona unatutazama kama mtihani?"

Nikaitikia marahaba. Kabla sijasema zaidi, Yuster, kiongozi wa wanawake wa uchambuzi, akadakia kutoka mezani kwao, "Anatafuta makosa ya sarufi huyo."

Wakacheka wote, Shibuda naye huko juu, bado amefumba macho.

17 Juni

Nimepigana na Juvenali juu ya kufuli la mlango wa dharura.

"Mwalimu, mlango ule ukiwa wazi kahawa inatoka," alisema.

"Ukifungwa, watu hawatoki."

Alisema nina maneno ya magazetini. Nikamwambia ndiyo, na kesho nitayarudisha huko yalikotoka.

18 Juni

Kufuli limetolewa.

26 Juni

Siku ya ajabu: nimekubaliana na meneja.

Msimu umeleta vibarua wapya, Wahaya, Wazinza, Warundi, na sakafuni kila mtu anapayuka kwa lugha ya mama yake. Juvenali aliitisha kikao uani akasema wanunuzi wakija wanatucheka. Kuanzia leo kazini ni Kiswahili tu. Nikasimama kumuunga mkono. Nilisema jambo ninaloliamini tangu ujana, kwamba lugha hii ndiyo iliyotufanya tusichinjane, na kwamba amri ya hatari haiwezi kusemwa kwa lugha ambayo nusu ya watu hawaijui. Nani angebisha? Hoja ilikuwa nzuri. Hata sasa ninapoandika naiona nzuri.

Tukaweka maneno ya winchi, nami nikayaandika ubaoni kwa mkono wangu, herufi kubwa. Kusimamisha: ACHA. Kushusha: ACHIA. Fimbo ya kugonga bomba nikaitupa mwenyewe kwenye maganda. Nilisema sisi si watu wa kugonga vyuma, tuna lugha.

"Kwa hiyo, Mwarimu," Leonidas akauliza, "reka amestaafu?"

"Amestaafu bila kuagwa," akasema Yuster.

Juvenali alinishika mkono mbele ya watu wote. Mkono wake ni laini kuliko nilivyofikiri.

3 Julai

Upepo. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Winchi imelia siku nzima.

11 Julai

Zoezi la moto. Nilipiga kengele, wanawake wakatoka kwa mlango wa dharura vizuri sana, halafu wakageuka wote na kurudi ndani kufuata vyakula vyao. Nilipofoka, Yuster alisema, "Mwalimu, moto wako hauna moshi, lakini njaa yetu ni ya kweli." Tutarudia.

12 Julai

Tumerudia. Safari hii walitoka na vyakula mkononi. Nakubali.

20 Julai

Winchi imelia siku nzima. Mitungi ya kuzimia moto imeletwa mipya. Leonidas na Shibuda hula pamoja mchana, wamekaa juu ya magunia matupu. Shibuda huleta michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, Leonidas ndizi za kuchemsha, wanabadilishana na kutukana vyakula vya mwenzake. Leonidas anasema michembe ni viatu vya viazi.

2 Agosti

Juvenali amekubali kinga ya mkanda wa injini. Fundi atakuja kuifunga. Nimeandika barua tatu na kugombana mara zisizohesabika kwa ajili ya bati lile lenye matundu, na leo nilitembea kiwandani kama mtu aliyeoa.

9 Agosti

Joto. Mawingu upande wa Burundi, lakini si ya mvua. Winchi imelia siku nzima.

14 Agosti

Leonidas amekufa.

Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu kesho kila mtu atakuwa na mpangilio wake.

Fundi alikuja asubuhi kufunga kinga ya mkanda. Nilikuwa naye upande wa injini, nimeipa winchi mgongo, nimeshika bati langu. Furaha yangu ilikuwa kubwa, naiandika bila haya. Nyuma yangu mzigo ulikuwa unapanda. Yuster, aliyekuwa karibu na ngazi, ameniambia yaliyotokea. Gunia moja lilinasa kwenye ukingo wa tundu la sakafu, mzigo ukainama, mnyororo ukaanza kuteleza. Leonidas alichukua mti mrefu akasogea chini yake ili alisukume lile gunia linasuke. Alipaza sauti mara moja. Winchi ilisimama kwa pumzi moja, halafu breki ikafunguka na mzigo wote ukashuka.

Ile sauti niliisikia. Neno sikulisikia.

Nilipogeuka hapakuwa na mtu pale, palikuwa na magunia tu. Shibuda alishuka ngazi akiruka vidato, akaanza kuyatupa magunia pembeni kama mito ya kulalia, akiita jina la Leonidas kwa sauti ndogo, kama mtu anayeamsha mwenzake asichelewe kazini. Mimi nilipiga kelele injini izimwe. Ilipozimika tukasikia jinsi kiwanda kilivyo kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko ngurumo.

Tulimpakia kwenye gari dogo la meneja. Mdogo wake, Venance, anayeendesha bodaboda pale stendi, alipata habari akatukuta kwenye kona ya kupandia mjini, akageuza pikipiki akatufuata. Leonidas alikata roho kabla hatujamaliza mlima. Venance alijua kwa sababu dereva alipunguza mwendo.

Kila nilichokitabiri kwenye barua zangu hakikutokea. Mkanda haukumkamata mtu, moto haukuwaka, mlango ulikuwa wazi. Nililinda milango yote ya nyumba, na kifo hakikupita mlangoni.

15 Agosti

Juvenali amewaambia wafanyakazi kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Nikamwuliza, mbele yao, kama Mungu naye yumo kwenye zamu za kiwanda hiki. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikutaka kuyaona.

16 Agosti

Mazishi Kibimba. Jovina, mjane wake, alilia mpaka sauti ikakatika, na wanawake waliomzunguka walimwambia jambo moja tu: acha, Jovina, acha mama, acha. Siku nzima neno lile. Sijui kwa nini lilinichoma.

Pale pale kaburini nikasikia la pili likinong'onezwa. Msukuma amemuua. Walikuwa na ugomvi. Watu wa kuja hawa. Venance hakunong'ona, alisema waziwazi kwamba Shibuda asipofungwa, yeye atajua la kufanya. Shibuda hakuwepo. Yuko kituo cha polisi, anatoa maelezo, na nadhani yuko salama zaidi huko.

19 Agosti

Nilikwenda kituoni na hasira yangu yote. Nilikuwa nimeandaa maneno: uzembe, macho yaliyofumbwa, mguu juu ya boksi. Nilimkuta Shibuda kwenye benchi, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Alinisalimu shikamoo.

Nikamwuliza kwa nini alikuwa anafumba macho kazini.

"Nafumba ili nisikie, Mwalimu. Kule juu macho hayana kazi."

Nikamwuliza alisikia nini.

"Aliniambia achia," akasema. "Nikaachia."

Nilitoka bila kuaga. Nimekaa nyumbani mpaka jioni nikiyasema maneno yale mawili peke yangu. Acha. Achia. Acha. Achia. Darasani niliyafundisha kwa chaki: kitenzi, na kauli yake ya kutendea. Tofauti yao ni irabu moja katikati, nyembamba kama uzi, na nimeiweka chini ya ngurumo ya injini nikaining'inizia magunia. Reka haikufanana na bomba. Hakuna sikio duniani lingechanganya sauti ya mtu na mlio wa chuma. Nilitoa vitu viwili visivyofanana nikaweka pacha.

21 Agosti

Nimemwambia Juvenali. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo jipya. Halafu akasema mkaguzi anakuja, na maelezo ya kampuni yameshaandaliwa: uzembe wa mwendesha winchi. Akaniomba nifikirie. Nikisema habari ya maneno, nani aliyaweka ubaoni?

"Mimi," nikasema. "Na wewe ukanishika mkono."

24 Agosti

Mkaguzi amefika. Bi Irine, mwanamke wa umri wangu, viatu vya kazi vilivyochakaa kweli. Nilimpenda kwa viatu. Alinisikiliza, kisha akasema kwa upole kwamba acha na achia ni maneno mawili, mtoto wa darasa la pili anayajua, na kwamba mwendesha mashine makini angeyatofautisha. Kesho anafunga shauri. Jina la Shibuda litaandikwa, na kesi itakwenda mbele nalo.

Nikamwomba jambo moja. Asimame yeye penye winchi, mashine ikinguruma, mnyororo ukiwa mtupu, mtu apaze sauti kutoka chini. Akakubali. Akauliza nani atapaza.

Nilijua ni nani. Sauti yake na ya kaka yake zilifanana. Watu wa stendi walikuwa wakiwachanganya kwenye simu.

Nilimkuta Venance amekaa juu ya pikipiki, abiria wanampita. Nikamweleza. Aliniuliza kama ninataka asimame pale kaka yake alipofia ili amwokoe aliyemuua. Nikasema ndiyo, ndicho ninachotaka. Aliwasha pikipiki akaondoka katikati ya sentensi yangu.

25 Agosti

Amekuja.

Alikuja amechelewa, hakusalimu mtu, akaenda moja kwa moja sakafu ya chini akasimama chini ya tundu. Shibuda alikuwa ameletwa, amesimama ukutani, na Venance alimpita kama anavyopita nguzo. Wanawake wa uchambuzi waliacha meza zao. Juvenali alisimama karibu nami. Juu, Bi Irine alishika breki ya winchi. Tulikubaliana: akisikia acha, ainue mkono, akisikia achia, afungue breki. Venance achague mwenyewe neno la kusema, asimwambie mtu.

Kinu kikawashwa. Ngurumo ikapanda kwenye miguu, kwenye meno. Nilikuwa nimepanda ngazi nusu ili niwaone wote wawili. Nilimwona Bi Irine akisikiliza, akiinamisha kichwa, halafu, taratibu, akafumba macho.

Venance alipaza sauti. Ilikuwa sauti ya Leonidas. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa khanga.

Bi Irine akafungua breki.

Mnyororo mtupu ulishuka kwa kishindo ukajikunja sakafuni, hatua moja kutoka kwenye miguu ya Venance. Hakurudi nyuma. Aliutazama, kisha akaangalia juu kwenye tundu. Nilitoa ishara injini izimwe, na katika kimya akasema, bila kupaza:

"Mama, nimesema acha. Umeniua."

Bi Irine alibaki ameshika breki. Aliomba warudie. Wakarudia, na mara hiyo alisikia sawa. Wakarudia tena, akakosea tena. Baada ya hapo hakuomba. Alishuka akaketi kwenye boksi, lile la Shibuda, akaniuliza ni nani aliyechagua maneno haya. Nilifungua mdomo, lakini Juvenali alitangulia.

"Sisi wawili," alisema. "Mimi na Mwalimu. Hao hawakuulizwa."

Miezi hii nimemwita mtu huyu kila jina baya ambalo Kiswahili kinaruhusu. Mengine nayaacha yasimame. Moja au mawili nitayafuta.

Nilisubiri kujisikia mshindi. Nimeshinda mijadala mingi maishani na ninajua ladha yake. Haikuja. Nilimtafuta Shibuda kwa macho nikidhani atakuwa na nafuu usoni. Alikuwa amechuchumaa ukutani, ameziba masikio.

30 Agosti

Shauri limeandikwa: mwendeshaji hana kosa; kosa ni la mfumo wa ishara na waliouweka. Majina yetu yamo. Kiwanda kitaadhibiwa, mimi nimepewa onyo la maandishi. Nimelisoma mara nyingi. Limeandikwa vizuri, sina cha kusahihisha.

Bi Irine ameamuru pia pawe na mtu wa tatu kwenye ngazi, anayeona juu na chini, na winchi isisogee bila neno lake.

4 Septemba

Shibuda hataki kurudi kwenye winchi. Anafagia maganda.

12 Septemba

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala. Watu walitoka uani kuitazama, na hakuna aliyefanya mzaha.

15 Septemba

Shibuda aliniambia anataka kwenda kwa Jovina na anaogopa Kibimba. Nikasema tutakwenda pamoja. Tulipofika stendi kutafuta bodaboda, ya kwanza kwenye foleni ilikuwa ya Venance. Venance alimtazama Shibuda muda mrefu, kisha akapiga kiti cha nyuma kwa kiganja. Shibuda akapanda. Mimi nilifuata na pikipiki nyingine, na njia nzima, kwenye utelezi ule, sikuona hata mmoja wao akigeuza kichwa kusema neno. Lakini kwenye mteremko nilimwona Shibuda amemshika kiunoni, na Venance hakuutoa mkono wake.

Jovina alitukaribisha ndani. Shibuda aliweka kifurushi cha michembe mkekani. Jovina alikitazama, akasema, "Viatu vya viazi," akakivuta karibu naye.

Kisha akaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa msemaji. Alitaka kujua mumewe alisema nini mwisho.

"Alisema acha, mama."

Alifikiri. "Leonidas? Acha?" akasema. "Mwalimu, humu ndani hakuwahi kusema acha. Hata akigombeza mbuzi alisema reka. Kwa nini siku hiyo hakusema reka?"

Nimesoma vitabu vingi. Nimejibu mawaziri gazetini. Pale mkekani nilikuwa na jibu moja, nalo lilikuwa fupi.

"Nilimkataza."

Hakunifukuza, wala hakunisamehe. Alisikiliza mvua inayopiga bati. Nilipoaga, baadaye, nikamwuliza anaendeleaje, kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza.

"Acha tu," akasema.

16 Septemba

Nimefuta ubao. Juvenali alileta rangi mwenyewe, akashika kopo. Nimeandika: KUSIMAMISHA, REKA. KUSHUSHA, KUGONGA BOMBA. Kibarua mmoja wa Kihaya aliuliza kama reka ni Kiswahili sanifu. Nikamwambia ni Kiswahili cha winchi hii.

Fimbo ya zamani haikupatikana. Iliungua na maganda. Venance ameleta nyingine, akaiacha getini, hakuingia.

28 Septemba

Mzigo wa mwisho wa msimu.

Shibuda alipanda ngazi asubuhi bila kuambiwa na mtu. Yuster ndiye mtu wa ngazi sasa. Alijiteua, alisema sauti yake imewahi kusimamisha harusi. Alishika fimbo mkono mmoja, mwingine ameushika kwenye nguzo, anaona juu, anaona chini. Nilisimama pembeni, kofia kichwani.

Mzigo ulipanda. Karibu na ukingo wa tundu gunia moja liligusa mbao, likainama, palepale. Wanawake wote walisimama. Shibuda alikuwa amefumba macho.

"Reka," Yuster alisema. Hakupaza hata sana.

Winchi ikasimama.